Kuchunguza Taasisi ya Hisani Kabla ya Kuchangia: Somo Kutoka Uwanja wa Gahanga

Kuchunguza taasisi ya hisani kabla ya kuichangia ni kutafuta majibu ya maswali manne: imesajiliwa wapi, inaongozwa na nani, fedha zake zinaingia na kutoka vipi, na kazi yake imewafaa nini wale inaosema inawahudumia. Majibu hayo yapo kwenye maandishi ambayo taasisi nyingi zinalazimika kuyatoa. Mwenye kuchangia ana haki ya kuyasoma, na taasisi inayofanya kazi yake vizuri haina sababu ya kuyaficha.

Mfano mzuri uko Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, kusini mwa Jiji la Kigali. Uwanja wa kriketi uliopo hapo ulijengwa kwa michango. Taasisi iliyoukusanyia fedha, Rwanda Cricket Stadium Foundation, iliundwa Uingereza mwaka 2011. Lengo lake lilikuwa kiasi cha pauni milioni 1. Mei 2016 Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Rwanda, alipiga mpira kwa saa 51 mfululizo mjini Kigali ili kuhamasisha michango, akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2017.

Juhudi ya mwanamichezo aliyesimama saa 51 inagusa moyo, lakini haimwambii mchangiaji fedha zitatunzwaje. Majina ya watu mashuhuri, picha za watoto na video zenye muziki wa huzuni nazo ni hivyo hivyo. Vyote hivyo vinaonyesha kwamba jambo lina watu wanaolipenda. Uthibitisho unatafutwa kwingine.

Usajili

Hatua ya kwanza ni kujua taasisi iko chini ya sheria ya nchi gani. Inayokusanya fedha London na kujenga Kigali hugusa nchi mbili, na kila upande una msimamizi wake. Kwa Uingereza na Wales, msimamizi ni Tume ya Hisani, iliyoanzishwa mwaka 1853. Daftari lake liko wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote akiandika jina au namba ya taasisi huona wadhamini wake, mapato na matumizi ya miaka kadhaa, na kama hesabu ziliwasilishwa kwa wakati. Muda unaoruhusiwa ni miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Kuchelewa mara moja kunaweza kuwa na sababu, ila kuchelewa mwaka hadi mwaka ni dalili kwamba daftari la ndani halina mtunzaji.

Kwa Rwanda, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB. Sheria za mwaka 2012 zilitenganisha mashirika ya kitaifa, ya kimataifa na ya kidini, na mwaka 2024 ikatungwa sheria mpya ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Tanzania ina Msajili wa mashirika hayo chini ya sheria ya mwaka 2002. Kenya ilianza kutumia sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma Mei 2024, baada ya sheria hiyo kukaa miaka 11 tangu ilipopitishwa.

Usajili unathibitisha kwamba taasisi inajulikana kisheria na kwamba kuna ofisi ya kupokea malalamiko. Hauthibitishi kwamba fedha zinatumika vizuri. Cheti kilichotundikwa ukutani ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Uongozi

Taasisi ya hisani haina mwenye hisa anayedai faida. Kwa hiyo, anayeilinda dhidi ya matumizi mabaya ni bodi yake. Bodi nzuri ina watu wa kutosha, wenye ujuzi tofauti, wasiokuwa ndugu wala waajiriwa wa mkurugenzi, wanaokutana mara kwa mara na kuandika maamuzi yao. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2012 kuhusu mashirika ya kitaifa iliweka wazi kwamba shirika liwe na mkutano mkuu, chombo cha utendaji, chombo cha ukaguzi wa ndani na chombo cha kusuluhisha migogoro. Mpangilio huo unafaa kuwa kipimo hata kwa kikundi kidogo cha mtaani: anayetumia fedha asiwe ndiye anayejikagua.

Hatari ya bodi dhaifu ilionekana Marekani. Central Asia Institute, iliyojenga shule Pakistan na Afghanistan, kwa miaka mingi iliongozwa na bodi ya watu watatu, mmoja wao akiwa mwanzilishi mwenyewe, Greg Mortenson. Aprili 2012, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana, Mortenson alikubali kurudisha dola milioni 1 kwa taasisi. Shule kadhaa zilijengwa kweli. Kilichokosekana ni watu wa kumwambia mwanzilishi «hapana».

Kwa mchangiaji, maswali ya kuuliza ni mepesi. Mwenyekiti ni nani, na ana uhusiano gani na mkurugenzi? Nani anaidhinisha malipo? Je, kampuni ya mjumbe wa bodi imewahi kupewa zabuni? Ripoti iliyoandaliwa vizuri hutaja miamala ya aina hiyo waziwazi.

Fedha

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la taasisi ya hisani ni hesabu zake za mwaka, na sehemu ya kuanzia ni maoni ya mkaguzi wa nje. Hati safi ina maana kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachokubalika. Hati yenye shaka hutaja eneo ambalo mkaguzi hakuridhika nalo, na aya hiyo inastahili kusomwa neno kwa neno.

Baada ya hapo huja mgawanyo wa fedha. Mchango uliotolewa kwa kazi maalumu, mathalani kujenga jengo la wachezaji, hauruhusiwi kulipia mishahara ya mradi mwingine. Hesabu hutenganisha fedha za namna hiyo na zile ambazo taasisi inaweza kuzitumia popote. Kwa mradi wa ujenzi kama wa Gahanga, mgawanyo huu unaeleza mambo ambayo vinginevyo yangetia wasiwasi. Taasisi inayojenga inaweza kuonyesha salio kubwa benki kwa miaka miwili, kisha matumizi yakapanda ghafla mwaka mmoja. Salio hilo si uchoyo ikiwa lina jina la kazi lililoandikwa.

Kinyume chake, taasisi isiyo na akiba kabisa iko hatarini. Kids Company ya Uingereza ilifungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea ruzuku ya serikali ya pauni milioni 3, kwa kuwa haikuwa na akiba ya kuikinga na misukosuko. Watoto waliokuwa wakiitegemea walijikuta bila huduma ghafla.

Gharama za uendeshaji ndizo zinazozua mabishano mengi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2012 kuhusu mashirika ya kimataifa iliweka kikomo cha asilimia 20 ya bajeti kwa matumizi yasiyowafikia walengwa. Kikomo hicho kina busara yake, lakini asilimia ndogo peke yake si sifa. Mhasibu, mkaguzi na mfumo wa kutunza kumbukumbu vyote ni gharama za uendeshaji, na ndivyo vinavyozuia wizi. Mwaka 2013 taasisi tatu kubwa za Marekani zinazotathmini mashirika ya hisani, ikiwemo Charity Navigator, ziliwaandikia wachangiaji barua ya pamoja kuwaomba wasitumie kipimo hicho peke yake.

Uwajibikaji na matokeo

Taasisi yoyote inaweza kuibiwa. Kinachotofautisha moja na nyingine ni inavyojieleza baada ya kuibiwa. GiveDirectly, inayotuma fedha taslimu kwa simu kwa familia maskini na inayofanya kazi Rwanda pia, ilipoteza takribani dola 900,000 katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, baada ya baadhi ya wafanyakazi wake kula njama. Mwaka 2023 taasisi yenyewe iliutangazia umma hasara hiyo na kueleza jinsi udhibiti wake ulivyovunjwa. Habari hiyo ni mbaya, lakini mchangiaji aliyeisoma anaijua taasisi hiyo kuliko anavyozijua zile ambazo ripoti zao hazina kasoro hata moja.

Matokeo nayo hayapimwi kwa vitu vilivyonunuliwa tu. Mwaka 2012 uchunguzi nchini Rwanda ulikuta watoto 3,323 katika vituo 33 vya kulelea watoto, na serikali ikachukua mkondo wa kuwarudisha watoto katika familia. Aliyekuwa akichangia kujenga bweni la kituo angeweza kupata hesabu safi kabisa, huku fedha zake zikienda kinyume na maslahi ya mtoto. Swali la msingi ni kama njia yenyewe ni sahihi, na kama inalingana na mipango ya mahali husika.

Gahanga, matokeo yanaonekana kwa macho. Paa za matao za jengo la wachezaji zimejengwa kwa vigae vya udongo wa Rwanda vilivyoshindiliwa bila kuchomwa, kazi iliyowapa watu wa hapo ujuzi na ujira. Mashindano ya kimataifa ya wanawake ya Kwibuka yamechezwa hapo. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 walishinda dhidi ya Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia huko Afrika Kusini. Hata hivyo, jengo likikamilika huanza maswali mapya: nani anamiliki, nani analipia nyasi, maji na ukarabati, na uwanja unawafaa nini majirani. Mradi mzuri hujibu hayo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Baada ya uwanja, taasisi ya Gahanga iliendelea kwa jina la Cricket Builds Hope, ikitumia mchezo kuwasaidia vijana na wanawake.

Kwa mchango mdogo, kuangalia daftari la usajili na ripoti ya mwaka mmoja kunatosha. Kwa mchango mkubwa, au wa kila mwezi, ni vyema kusoma hesabu za miaka mitatu, kuandika barua yenye maswali na kupima majibu. Malipo yapelekwe kwenye akaunti yenye jina la taasisi, si kwenye simu ya mtu binafsi, na stakabadhi itunzwe. Taasisi ikikataa kutoa hesabu, ikihimiza haraka bila sababu au ikijibu swali la fedha kwa hadithi ya huruma, mchango usubiri. Wenye shida watasaidiwa vizuri zaidi na fedha zilizochelewa wiki moja zikawafikia kuliko zilizotumwa papo hapo zikaishia njiani.