'Wimbo wa nani?' Kijineno 'wa' kinavyowaficha watunzi

Mwanamuziki maarufu anapoaga dunia, vyombo vyetu vya habari huwa na desturi moja. Redio hupiga vibao vyake tangu alfajiri, magazeti huchapisha tanzia, naye mtangazaji husema kwa sauti ya upole: "Huo ulikuwa wimbo wa marehemu fulani." Sentensi hiyo haina kosa lolote la kisarufi. Hata hivyo, leo ningependa tuikague, maana ndani yake mna kijineno cha herufi mbili kinachoficha mengi: wa.

Shuleni tulifundishwa kukiita a-unganifu. Kazi yake ni kuunganisha nomino mbili, lakini hakisemi zinahusiana vipi. Chukua mfano wa "picha ya mwalimu". Je, ni picha aliyoipiga mwalimu, inayomwonyesha mwalimu, au ambayo mwalimu ameinunua na kuitundika sebuleni? Zote tatu ni sahihi. Vivyo hivyo "wimbo wa Misiani". D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alivumisha benga kote kandokando ya ziwa hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Wimbo "wake" waweza kuwa alioutunga, aliouimba, au hata uliotungwa na mtu mwingine kumwomboleza. Katika picha ya mwalimu hakuna anayeumia tukikosa kufafanua. Katika muziki, yupo anayeumia.

Hapa Nyamasaria, majuzi nikisubiri matatu ya kwenda mjini, kibanda kimoja kando ya steji kilikuwa kikipiga Kothbiro. Kijana wa bodaboda akamgeukia mwalimu mmoja mstaafu.

"Japuonj, hii ngoma si ni ya Kanye?"

"Wacha mchezo, wuoda. Hii ni ya Ayub wetu, wa hapo Nyahera."

"Lakini mimi niliisikia kwa Kanye kwanza."

Walibishana mpaka matatu ikajaa. Niliposikiliza, niligundua kwamba hawakuwa wakibishania muziki hata kidogo. Walikuwa wakibishania ya. Kijana alikusudia "ngoma ambamo nilikutana na sauti hii". Mzee alikusudia "ngoma iliyotoka kwa mtu wetu". Kijineno kimoja, maana mbili, na wala si hizo tu.

Tuutazame wimbo wenyewe. Kothbiro ni Kidholuo, maana yake "mvua inakuja". Katika miaka ya 1970 ulirekodiwa na bendi ya Black Savage, vijana wa Nairobi waliochanganya roki na midundo ya nyumbani. Mmoja wao alikuwa Job Seda, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ayub Ogada. Mwaka 1993 Ogada aliurekodi upya akipiga nyatiti, katika albamu yake En Mana Kuoyo iliyotolewa na lebo ya Real World ya Uingereza. Mwaka 2005 sauti hiyo ya nyatiti ikasikika katika filamu The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West akatoa wimbo Yikes, ambamo kipande cha rekodi ile ya Black Savage kimekatwa na kupachikwa. Watunzi waliotajwa wa kipande hicho ni Ogada na Mbarak Achieng. Ogada alifariki Februari 2019. Basi ukisema "Kothbiro wa Ayub", umesema kweli, lakini umemwacha nje Achieng na bendi nzima. Ukisema "wa Kanye", umemtaja mkataji ukamsahau mshonaji.

Mfano mkubwa zaidi ni Malaika. Mtu wa Ulaya atakwambia ni wimbo wa Miriam Makeba, ambaye aliurekodi na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Rika la disko litasema ni wa Boney M, waliourekodi mwaka 1981. Waliokuwa vijana miaka ya 1990 watamtaja Angélique Kidjo. Mkenya atakataa katakata: ni wa Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960! Hata hapo mjadala hauishi, kwani wapo wanaoshikilia kwamba aliyetunga ni Adam Salim, na wengine humtaja Grant Charo. Kwa zaidi ya nusu karne tumeutaja wimbo huo kwa wa, na wa haikutulazimisha kujibu swali gumu: nani alikaa chini akayapanga maneno yale na sauti ile?

Si Waswahili pekee wenye mtego huu. Tunapomkumbuka Aretha Franklin, malkia wa muziki wa soul aliyefariki Agosti 2018, tunaanza na Respect. Wimbo huo ulitungwa na Otis Redding, akaurekodi mwaka 1965. Aretha aliurekodi mwaka 1967, akaugeuza kutoka malalamiko ya mume hadi madai ya mke, na dunia ikampa yeye. I Will Always Love You nao tunauita wa Whitney Houston kwa sababu ya rekodi yake ya 1992, ilhali uliandikwa na Dolly Parton, aliyeutoa mwenyewe mwaka 1974. Lakini wenzetu hao walikuwa na kinga moja: jina la mtunzi lilichapishwa kwenye lebo ya santuri na kusajiliwa. Watu wakisema "wa Aretha", hati husema "umetungwa na Redding". Na hati ndiyo hulipa. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ikipiga Respect, mirabaha huenda kwa upande wa mtunzi. Mwimbaji hapati kitu. Parton naye alikataa kugawana haki za utunzi na upande wa Elvis Presley. Whitney alipouimba, Parton alivuna.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo haijui "wa". Inajua watu watatu tofauti: mtunzi, mtumbuizaji na mtayarishaji wa rekodi. Ndiyo maana tumekuwa na MCSK kwa upande wa watunzi, PRISK kwa watumbuizaji, na KAMP kwa watayarishaji. Muda wa ulinzi pia hutofautiana. Haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu ilipotengenezwa, lakini ya utunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Kama yeye ndiye mtunzi wa Malaika, utunzi huo una ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2051. Kama ni mwingine, hesabu inabadilika, na familia inayostahili kulipwa inabadilika pia. Swali la sarufi limekuwa swali la karo ya wajukuu.

Wazee wetu walilijua tatizo hili. Watunzi wengi wa tenzi za pwani walifumbata jina lao, au mwaka wa utunzi, katika beti za mwisho ili mnakili asije akajitwalia kazi. Wanabenga wa huku ziwani walifanya jambo la jamii hiyo: katikati ya wimbo, mwimbaji hujitaja, huutaja ukoo na kwao, na kuwasifu marafiki kwa majina. Wasiojua mila ya pakruok huona ni majivuno. Kwangu mimi ni kama hatimiliki iliyoshonwa ndani ya wimbo. Lebo ya santuri ibanduke, kanda inakiliwe mara mia River Road, jina litabaki humo humo.

Tiba kwetu sisi wasemaji si ngumu. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, ambayo humleta mtenda kwa na na hutulazimisha kuchagua kitenzi. Badala ya "wimbo wa", sema uliotungwa na, ulioimbwa na, uliopigwa na, uliorekodiwa na, au uliotayarishwa na. Mtu mmoja akiwa amefanya yote, useme hivyo. Lunch Time, kwa mfano, ulitungwa na kuimbwa na Gabriel Omolo akiwa na Apollo Komesha. Neno "msanii" nalo tulitumie kwa kiasi, kwa kuwa limekuwa gunia la kutia kila mtu: mtunzi, mpiga besi, mwitikiaji na meneja.

Sisemi tuache kusema "ngoma ya Ayub" tukiwa stejini. Lugha ya mtaani ina haki yake. Ila katika tanzia, katika kitabu cha shule, katika tangazo la redio na katika fomu ya kusajili kazi, kitenzi kisikosekane. Nanyi mlio na santuri za wazazi wenu chini ya kitanda, zitoeni mzifute vumbi. Chini ya jina la wimbo, katika maandishi madogo kwenye lebo, mara nyingi kuna jina la mtu ambaye hajatajwa redioni kwa miaka mingi. Linakilini kabla karatasi haijafifia.