Dozi Moja Dhidi ya Saratani ya Mlango wa Kizazi
Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu kila mara, na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili, 16 na 18, ndizo chanzo cha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo. Maambukizi mengi huisha yenyewe. Yanayong'ang'ania kwa miaka ndiyo huharibu seli. 

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, kwa dozi mbili. Dozi ya pili ilipokaribia, Korona ilifunga shule. Hata bila janga hilo, kumpata tena msichana aliyechanjwa ni kazi ngumu.

Ndiyo maana utafiti wa dozi moja uitwao KEN SHE, ulioongozwa na Ruanne Barnabas na Nelly Mugo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), una uzito mkubwa. Ulifanyika Thika, Nairobi na Kisumu, kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Kwa kura, wengine walidungwa dozi moja ya chanjo ya HPV, ya aina mbili za virusi au ya aina tisa. Waliobaki walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Kwa kuwa saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, kilichopimwa ni maambukizi sugu. Baada ya miezi 18, maambukizi sugu mapya ya aina 16 au 18 yalikuwa 38: 36 kati ya wasiopata chanjo ya HPV, na moja tu katika kila kundi lililoipata. Kinga ilikuwa asilimia 97.5. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022, na Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaridhia dozi moja. Tanzania iliifuata mwaka 2024.

Chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo akina mama bado wanahitaji uchunguzi, hasa wenye VVU, ambao hatari yao ni mara sita. Mlango wa kizazi hupakwa siki, na sehemu zenye kasoro hugeuka nyeupe. Sehemu hizo huweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo. Saratani ya mapema hufanyiwa upasuaji. Iliyosambaa hadi tishu za jirani hutibiwa kwa mionzi ya nje na ya ndani pamoja na dawa ya sisplatini, inayoipa mionzi nguvu. Kwa wakazi wa mtaa wa Githurai 45, kando ya Nairobi, tiba ya mionzi hupatikana jirani, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Kahawa.