Wagonjwa Wawili Njiani Kwenda Rabai

Sogeeni, wanangu, na nyinyi mliokaa nyuma vuteni mikeka. Leo nawasimulia habari za watu waliochoka. Sisemi uchovu wa mpira, ule wa kulala ukaamka mzima. Nasema uchovu unaofika hadi kwenye sala, mtu akapiga magoti na maneno yakakataa kutoka. Wapo kati yenu wanaoujua. Msichana anayelea wadogo zake huku akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anaujua sana. Na baadhi yenu mmeshaambiwa kwamba Mkristo mwenye imani hachoki. Aliyewaambia hivyo hajasoma vizuri habari za watu wa Mungu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Kabla ya hapo Krapf alikuwa amefanya kazi ya umisionari Uhabeshi, mpaka njia ya kurudi huko ikafungwa. Walikuwa wameshamzika mtoto mmoja, binti aliyezaliwa safarini, nyikani. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, naye akatulia Mombasa kujifunza lugha. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani kwao. Ilimshika yeye, ikamshika na Rosine, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Mtoto wa kike akazaliwa katikati ya ugonjwa ule. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Mtaniuliza: neema ya Mungu ilikuwa wapi siku hizo? Ni swali la haki, nami sitalifunika kwa maneno matamu. Mtu asije akamwambia mfiwa kwamba msiba wake ni jambo jema. Biblia yenyewe inakihesabu kifo kuwa ni adui. Krapf alilia. Kisha akawaandikia waliomtuma kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeanza, basi wasiiache. Mimi huwa nasimama hapo kila ninapoisimulia habari hii. Mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu alipata wapi nguvu ya kuandika vile? Kwake mwenyewe hazikuwapo. Mwili wake ulikuwa umekongoroka, na nyumba ilikuwa tupu.

Alikaa miaka miwili hivi bila mwenzake wa kazi. Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26. Unaweza kudhani sasa mambo yatanyooka, kwa kuwa amefika mtu mwenye damu mpya. Lakini haukupita muda mrefu Rebmann naye akaanguka kwa homa.

Mpango wao ulikuwa kuhamia Rabai, juu ya vilima vya bara nyuma ya Mombasa, kwa jamii za Wamijikenda. Wazee wa Rabai walikuwa wamekubali kuwapokea. Tarehe 25 Agosti 1846 ndiyo siku waliyoondoka, na siku hiyo wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja. Basi mmoja alipanda na mwingine akajikokota kwa miguu, kisha wakabadilishana, na tena, mpaka wakafika juu. Krapf alipokuja kuandika habari za siku ile, alisema ni nadra kazi ya injili kuanzishwa katika udhaifu namna hiyo. Na akaongeza kuwa ilibidi iwe hivyo, ili wao wenyewe wasijisifu kwa nguvu zao na waliokuja baada yao wasisahau.

Ngojeni kidogo hapo. Msije mkatoka hapa mkiiga kutembea na homa. Wakati ule hakuna aliyejua kuwa malaria huletwa na mbu. Ronald Ross alikuja kulithibitisha hilo mwaka 1897. Nyinyi mnajua, na zahanati mnazo. Ukiugua nenda ukapimwe, na ukichoka lala. Eliya alipokata tamaa jangwani hata akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akaja kumlisha mara ya pili. Usingizi na chakula vilikuwa sehemu ya huduma ya Mungu kwake, kabla ya neno lolote la kazi.

Na Paulo je? Yeye alikuwa na kitu alichokiita mwiba mwilini. Hatukuelezwa ulikuwa ugonjwa gani. Mara tatu aliomba uondolewe, na haukuondolewa. Jibu alilopewa ni kwamba neema ya Bwana ingemtosha akiwa na mwiba wake. Hilo ndilo gumu kulimeza. Sisi tunaomba tupone, ndipo tumtumikie Mungu. Yeye mara nyingi huanza na sisi tukiwa bado tunatetemeka. Hatupendi udhaifu kwa sababu ya hilo, wala hatuutafuti. Tunaacha tu kuuficha mbele zake.

Sasa turudi Rabai, kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Jina lake Mringe. Hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa ng'ombe. Alikuwa mlemavu. Wengine walioitwa kuisikiliza injili hawakuijali sana. Miaka ilipita na wamisionari wale hawakuona waumini. Wenzao waliotumwa kuwasaidia walikuja wakafa: Johannes Wagner alifika mwaka 1849 na mwaka uleule homa ikamwua. Huko Ulaya watu walishangilia habari za milima, kwa kuwa Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wengine wakambishia. Lakini Mringe alikuwa anakuja, anakaa, anasikiliza, anauliza. Mwaka 1851 akabatizwa, akiwa kitandani anakaribia kufa. Huyo ndiye wa kwanza. Mwili uliokwisha nguvu ulipokea yale waliyoyaleta wagonjwa wawili waliopokezana punda. Nani kati yao angeweza kusema ni kwa uwezo wake?

Krapf alirudi Ujerumani mwaka 1853, afya yake imevunjika. Huko akaendelea kukiandika Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann alibaki. Alibaki hata mkewe Emma alipofariki. Alibaki macho yake yalipoanza kufifia, akiandika maneno ya lugha za watu huku herufi zikimpotea, mpaka akawa kipofu. Miaka karibu 29 katika pwani hii, na waumini waliomzunguka walikuwa wachache. Mwaka 1875 ilimbidi aende kwao, na hangeweza kusafiri peke yake.

Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa mmoja wa waumini wale wachache. Alimwongoza mzee yule kipofu kuvuka bahari hadi Ujerumani. Tunapoimba kuhusu neema huwa tunaangalia juu, na ni sawa. Lakini kwa Rebmann mwaka ule neema ilikuwa na mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa kijana wa umri kama wa kaka zenu. Mwalimu aliongozwa na mtoto wa mwanafunzi wake.

Ndiyo maana nawaambia mliochoka: mtu akija kukubebea ndoo, akakaa na wadogo zako usome, akakuombea pale ambapo sauti yako imekauka, usimrudishe kwa aibu. Na wewe uliye na nguvu wiki hii, angalia nani anajikokota nyuma yako. Rabai ipo, wanangu, na nyumba ya kumbukumbu ya wamisionari wale ipo. Siku mtakayokwenda, mkishaona habari za Krapf na Rebmann, ulizeni pia habari za Mringe na za Nyondo.