Kitabu cha Matengenezo na Gari Kuukuu

Wanachama wengi bado wana gari za zamani, khasa Land Rover, na si ajabu. Hupita njia za mashamba zinazozishinda gari nyingi mpya, na injini zake hazina kompyuta. Takriban kila kitu huonekana kwa macho na kufikiwa kwa mkono. Shida yake ni kuwa hupenda kuharibika wakati wa mavuno, karafuu ziko majamvini na mvua imetanda, na fundi siku hizo anatakiwa na kila mtu. Mwenye gari akijifunza kutumia kitabu cha matengenezo, kazi nyingi ndogo ndogo ataziweza mwenyewe.

Vitabu hivi ni vya namna mbili. Kimoja hutolewa na kiwanda kwa ajili ya mafundi, nacho humchukulia msomaji kuwa kazi anaijua na vyombo maalumu anavyo. Cha pili huandikwa kwa ajili ya mwenye gari. Kimojawapo cha hivyo, kinachojulikana sana duniani, asili yake ni Aden, mji ambao wazee wetu wakiujua vizuri kwa biashara. Mwaka 1965 John Haynes, ofisa wa jeshi la anga la Kiingereza aliyekuwa kazini huko, alimsaidia mwenzake kuifumua injini ya Austin-Healey Sprite. Akaona kitabu cha kiwanda hakimfai mtu wa kawaida. Basi wakafungua na kufunga huku wakipiga picha za kila hatua, na mwaka 1966 akakitoa kitabu cha kwanza. Bwana huyo alifariki mwaka 2019, lakini vitabu vyenye jina lake vingali vikitumika.

Jambo linalowapoteza wengi ni kutumia kitabu cha gari nyingine. Haitoshi jina kuwa ni Land Rover. Mimi mwenyewe niliazima kitabu cha jirani nikaifungia betri gari yangu kama picha ilivyoonyesha. Kitabu kile kilikuwa cha Land Rover za miaka ya 1950, ambazo upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Yangu ni Series III, namna iliyotengenezwa baina ya 1971 na 1985, na hiyo hufungwa upande wa hasi. Altaneta iliungua papo hapo, na karafuu zangu nikazipeleka kwa gari ya kukodi. Kitabu hakikuwa na kosa. Kosa langu ni kutosoma ukurasa wa mwanzo unaotaja miaka na aina za gari zinazohusika. Siku hizi kwanza nasoma namba ya chesisi, ndipo nafungua kitabu.

Sasa tutazame kazi moja ili mwanachama aone faida yenyewe. Injini ya petroli ya lita 2¼ ya Land Rover hizi ikianza kugonga-gonga juu kama cherehani, mara nyingi ni tapeti zimelegea. Kitabu kitakwambia nafasi inayotakiwa ni inchi 0.010, yaani robo ya milimita, nayo hupimwa kwa kile kibapa chembamba cha chuma cha kupimia nafasi. Lakini tapeti ipimwe wakati gani? Hapo ndipo mtu asiye na kitabu hubahatisha. Valvu ni nane, nazo huhesabiwa kutoka mbele ya injini. Unaizungusha injini kwa mkono mpaka valvu ya 8 ifunguke kabisa, ndipo unapima ya 1. Ikifunguka ya 6, pima ya 3. Ikifunguka ya 4, pima ya 5. Na kadhalika, kila mara namba mbili zikijumlishwa ziwe tisa. Ukishaijua hesabu hii huisahau tena, na kazi yote haipiti asubuhi moja.

Kabla ya kulegeza hata nati moja, isome kazi nzima mpaka mwisho. Mara nyingi onyo liko hatua ya kumi, nawe umeshaharibu hatua ya nne. Tena vitabu vingi haviielezi kazi ya kurudisha; husema tu urudi kwa kufuata hatua zile zile kinyume. Kwa hiyo tandika kipande cha jamvi kuukuu, uzipange boliti kwa mfuatano zilivyotoka, na watoto wasichezee hapo. Ikiwa Kiingereza kinakutatiza, kaa na kijana wa skuli akusomee, nawe uandike pembeni ya picha jina la kila chombo kama mafundi wetu wanavyokiita. Kijana huyijua lugha, wewe waijua gari.

Tena usizipuuze tarakimu za kukazia. Boliti za silinda hedi za injini hiyo hukazwa kwa nguvu ya futi-pauni 65, kwa zamu ya namba zilizochorwa, nazo zinataka spana yenye kipimo. Anayekaza kwa kifua chake ama huikata boliti, ama hukaza upande mmoja kuliko mwingine na maji yakavuja. Kama spana hiyo huna, azima, au mwachie fundi.

Breki nazo zataka tahadhari zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwetu unyevu ni mwingi, basi yasiachwe miaka na miaka. Kuyabadilisha na kutoa upepo kunaelezwa vizuri kitabuni, pamoja na gurudumu la kuanzia. Lakini ukikuta paipu ya chuma imeliwa na kutu, au pedali inazama baada ya kazi kwisha, simama hapo hapo umwite fundi. Na hata ukiridhika na kazi yako, ijaribu gari kwanza mahali tambarare, polepole, bila ya mzigo wala abiria, kabla ya kuteremka nayo mlima na magunia nyuma.