Roketi za Vijana na Mkono wa Serikali

Si haba watu wazima wanaodhani ya kuwa kazi ya sheria, mbele ya kitu chenye hatari, ni moja tu: kukikataza. Na si haba vijana wanaodhani ya kuwa kila sheria imewekwa ili kuwanyima furaha yao. Rai zote mbili zina kasoro. Ili tuzione kasoro hizo waziwazi, natutazame jambo lililotokea katika nchi ya Marekani, ambako serikali, wazazi na vijana walivutana kwa miaka mingi juu ya kitu ambacho huenda msomaji akakihesabu kuwa ni mchezo mdogo tu, nacho ni roketi ndogo zinazoundwa kwa mkono na kurushwa kwa kujifurahisha.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichoundwa na binadamu kikaizunguka dunia. Habari hiyo iliwatia vijana wa Marekani shauku isiyo kifani. Kila mwenye akili ya kudadisi alitaka naye kurusha chake. Walakini hapakuwa na wa kuwafundisha. Wengi wakatwaa mabomba ya chuma, wakayajaza unga wa zinki na salfa, au vichwa vya njiti za kiberiti, kisha wakayatia moto. Kijana afanyaye hivyo hudhani anaunda roketi, kumbe ameunda bomu. Kwani bomba la chuma likipasuka, vipande vyake huruka na kukata kama visu. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliopoteza maisha.

Basi wakuu wangefanyaje? Katika majimbo mengi sheria za fashifashi zilikuwa tayari zimekwisha kuandikwa, na ilikuwa rahisi kuziingiza roketi humo na kuzikataza zote pamoja. Lakini marufuku haikuuzima udadisi wa vijana. Iliusukuma tu kutoka uwanjani ukaingia mafichoni, katika vyumba vya chini ya nyumba, pasipo jicho la mzee.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi hayo ilikuwa imekwisha kupatikana kabla ya Sputnik, na aliyeitengeneza alikuwa muuza viatu. Orville Carlisle, wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, alikuwa mjuzi wa fashifashi, na ndugu yake Robert alipenda kuunda ndege ndogo. Mwaka 1954 walishirikiana kuunda roketi ya karatasi na mbao nyepesi, yenye injini ndogo inayotumika mara moja na kutupwa. Mapema mwaka 1957 Carlisle alimwandikia G. Harry Stine, mtaalamu aliyefanya kazi katika kiwanja cha kujaribia makombora cha White Sands, New Mexico. Stine alikuwa akisumbuliwa na habari za vijana waliokuwa wakijidhuru, na alipoijaribu roketi ile alitambua mara moja ya kuwa jibu limepatikana. Mwaka huohuo aliunda chama cha wapenda roketi, na mwaka uliofuata Vern Estes wa Colorado akaunda mtambo wa kutengeneza injini hizo kwa wingi.

Yafaa tufahamu namna chombo hicho kifanyavyo kazi, maana hapo ndipo ilipo hekima yake. Injini ni mwanzi wa karatasi nene. Upande wa chini una tundu la udongo mkavu la kupitishia moshi, na ndani mna baruti iliyoshindiliwa na mashine kwa kipimo kimoja. Baruti hiyo ikiungua, roketi hupanda. Ikiisha, huungua kitu kingine taratibu ili kuipa roketi nafasi ya kufika kileleni. Kisha mlipuko mdogo husukuma nje mwavuli, na roketi hushuka polepole. Kijana hachanganyi baruti hata kidogo. Kazi yake ni kuunda umbo, kupima uzito, kuhesabu na kutazama. Na kwa kuwa mwili wake ni karatasi na mbao, hata jambo likiharibika hakuna chuma cha kuruka na kumjeruhi mtu.

Pamoja na injini yalikuja masharti. Roketi isiwashwe kwa kiberiti, bali kwa waya wa umeme, na mwenye kuiwasha asimame mbali: futi 15 kwa injini ndogo, na futi 30 kwa zilizo kubwa zaidi. Ielekezwe juu, isiinamishwe kupita digrii 30. Isirushwe kuelekea shabaha, wala mawinguni, wala karibu na ndege. Ikikataa kuwaka, umeme ukatwe na watu wangoje dakika nzima kabla ya kuikaribia. Masharti haya hayakuanza serikalini. Yaliwekwa na wapenda mchezo wenyewe. Majimbo yalipoona ya kuwa wanajiongoza kwa adabu, moja baada ya jingine yakaanza kuzitenga roketi hizo na fashifashi na kuziruhusu.

Serikali kuu nayo ina fungu lake, kwani anga ni njia ya watu wote, na rubani aliyebeba abiria ana haki ya kutokutana na kombora la mtu anayejifurahisha. Kwa hiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imeweka kipimo. Roketi isiyozidi gramu 1500, yenye baruti isiyozidi gramu 125 inayoungua polepole, tena iliyoundwa kwa karatasi, mbao au plastiki ya kuvunjika, haihitaji kibali chao maadamu haihatarishi mtu, mali wala ndege. Iliyo kubwa kuliko hiyo yahitaji ruhusa kwanza.

Hapo mambo yangalitulia, lau si mzozo mkubwa uliozuka juu ya roketi kubwa. Hizi hazitumii baruti nyeusi, bali mchanganyiko wa mpira na chumvi iitwayo amoniamu pakloreti. Idara ya serikali inayosimamia silaha na baruti iliuandika mchanganyiko huo katika orodha ya vitu vya kulipuka. Mwaka 2000 vyama viwili vya wapenda roketi viliishitaki idara hiyo, vikisema ya kwamba kitu hicho huungua tu, wala hakilipuki. Mwaka uliofuata, Septemba 2001, yakatokea mashambulio ya New York na Washington, na hofu ikatanda. Sheria ya mwaka 2002 ikakaza masharti, hata mtu aliyetaka injini yenye zaidi ya gramu 62.5 za mchanganyiko huo akatakiwa kibali, alama za vidole na uchunguzi wa habari zake. Mwaka 2003 Seneta Mike Enzi wa Wyoming alileta mswada wa kuwaondolea wapenda roketi mzigo huo; maseneta wengine wakaupinga, wakichelea roketi zisigeuzwe silaha. Mswada haukupita.

Ikabaki mahakama. Mwezi wa Februari 2006 mahakama ya rufani iliiuliza idara swali jepesi kusemwa na zito kujibiwa: kitu chapaswa kuungua kwa kasi gani hata kiitwe cha kulipuka, na kipimo chenu ki wapi? Idara haikuwa na jibu la kuridhisha. Mwezi wa Machi 2009 Jaji Reggie Walton alikata hukumu kwamba mchanganyiko ule uondolewe katika orodha. Miaka tisa ilikuwa imepita. Hata hivyo wapenda roketi hawakuachwa huria. Kanuni za anga zimebaki, na arushaye roketi kubwa sharti awe ametimiza miaka 18 na kupata cheti cha chama chake baada ya kujaribiwa mbele ya wajuzi.

Tuna mafunzo gani katika habari hizi? Kwanza, hofu ya serikali haikuwa ya bure. Vidole vilivyokatika vilikuwa vidole vya kweli, na mwenye kuyadharau hayo hajapata kumuuguza mtoto aliyeungua. Pili, hofu peke yake haitoshi kuwa sheria. Mwenye kukataza hana budi kukijua akikatazacho, akipime, na akiulizwa sababu aweze kuitaja. Tatu, na hili lawahusu vijana, waliopata uhuru mkubwa zaidi ndio waliotangulia kujiwekea masharti kabla ya kuwekewa na wengine.

Ama wazazi, nao wana lao la kutazama. Mtoto akikuuliza moto huwakaje, au chombo hupandaje juu, hayo ni maswali ya akili aliyopewa na Mola wake. Ukimkemea anyamaze, swali halifi. Atalipeleka kwa mwenzake asiyejua, nyuma ya nyumba, na kiberiti mkononi. Mtafutie mwalimu ajuaye, keti naye mfanye hesabu pamoja, na umwambie wazi lipi haliguswi na kwa nini haliguswi. Katazo lenye sababu mtoto hulishika hata pale usipokuwapo kumwona.