Gari la turbo linalochemka kwenye foleni: tutazame wapi kwanza?



Wengi wetu twaendesha, twapakia au twasafiri katika magari yanayochukua chikichi, mawese, samaki na abiria kati ya Nyanza-Lac, Rumonge na Bujumbura. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura, kwa Barabara ya Taifa Nambari 3, ni kilometa 75 hivi, milima upande mmoja na ziwa upande wa pili. Gari laweza kupita Minago na Magara geji ya joto ikiwa imetulia, kisha likaanza kuchemka linapoingia katika msongamano wa mjini. Hapo dereva huambiwa: "Umeliharibu gari." Katika ukurasa huu tunaeleza namna ya kulitafuta kosa lenyewe, hasa katika gari la turbo lililobadilishwa vyombo vyake.

Joto latoka wapi?

Injini haiwezi kuyageuza mafuta yote kuwa nguvu. Kwa kadiri, theluthi moja tu huendesha gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huchukuliwa zaidi na maji. Turbo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi huo, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta huongezwa. Nguvu huzidi, na joto pia. Tena hewa iliyoshindiliwa huwa ya moto, kwa hiyo huwekwa kipoza-hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Mara nyingi hufungwa mbele ya rejeta.

Maji hulichukua joto hadi kwenye rejeta, na upepo hulitoa nje. Gari likienda mbio, upepo huingia wenyewe. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: gari lachemka lini?

Likichemka kwenye foleni tu, na barabarani likapoa, shida yaelekea kuwa ni hewa. Likichemka mlimani na mzigo, tushuku rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, themostati, au turbo iliyoongezwa nguvu kupita uwezo wa rejeta. Likichemka popote, na maji yakipungua bila kuonekana yanapovuja, gasketi ya hedi yaweza kuwa imeungua.

Tukumbuke kwamba katika foleni turbo karibu haifanyi kazi. Basi tusikimbilie kuilaumu. Tuulize: siku ilipofungwa, ni kitu gani kiliondolewa, na ni kitu gani kiliwekwa mbele ya rejeta?

Ukaguzi kwa utaratibu

Kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, tutazame kiasi cha maji na hali ya mipira yake.

Pili, tutazame mbele ya gari. Intakula kubwa, bampa nene la chuma na taa za ziada huzuia upepo. Tuchungulie pia nafasi iliyo kati ya intakula na rejeta: vumbi la kiangazi, majani na nyuzi za chikichi hujikusanya humo pasipoonekana. Tusafishe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, tusije tukavipinda vibati vyembamba vya rejeta.

Tatu, feni. Mafundi wengine huiondoa feni ya injini ili kupata nafasi, wakaweka feni ndogo ya umeme. Tuhakikishe kwamba yawaka injini inapopata moto, na kwamba yavuta hewa kuelekea kwenye injini. Injini ikiwa na moto na gari limesimama, tuweke karatasi mbele ya rejeta: feni ikivuta vizuri, karatasi itanata. Ikianguka, tumeshapata njia. Feni ya injini yenye klachi ya mafuta ikizunguka ovyo kwa kidole wakati injini ina moto na imezimwa, klachi hiyo imekwisha.

Nne, kizingio cha bati au plastiki kinachoizunguka feni. Kikiwa kimetolewa, feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha sehemu kubwa ya rejeta.

Tano, mkanda wa feni na pampu usiwe umelegea.

Maji ya ziwa

Mengi ya magari yetu hujazwa maji ya Tanganyika. Maji hayo yana madini mengi, hasa magnesiamu, na hayo huacha magamba ndani ya rejeta. Kwa dharura yafaa; kwa kila siku, hapana. Rejeta yataka maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu.

Tahadhari

Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, na sufuria iliyo wazi huchemka hapa karibu na digrii 97. Ndani ya rejeta, kifuniko huyashikilia maji kwa mgandamizo, hata yakapita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa hivyo, hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Usifungue kamwe injini ikiwa na moto, hata kama tajiri ana haraka. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Chuma chaweza kupasuka.

Mshale ukianza kupanda katika foleni, zima kipoza-hewa cha abiria na ufungue hita yote. Ukifika kwenye nyekundu, toka barabarani na uzime injini.

Mwisho, andika taarifa: saa, mahali, mzigo, mshale ulipofika, na vyombo vilivyoongezwa katika gari. Mpe msimamizi, nawe ubaki na nakala. Dereva aliyesimama kwenye nyekundu ameiokoa injini. Mwenye gari aliyefunga turbo bila kufikiria feni ndiye anayepaswa kulipia feni, na gharama hiyo isikatwe katika mshahara wa mtu aliyeshika usukani.