Miguu Iliyofungwa Yafaa Kutembezwa



Tunapozunguka kuwaona wagonjwa nyumbani mwao, Katuba, Ruashi na mitaa mingine ya Lubumbashi, mara nyingi twapewa kiti na kukaribishwa vizuri. Kisha twauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Ndipo twaonyeshwa chumba cha nyuma. Mama amelala humo miezi mingi. Magoti yamekunjamana, vidole vya miguu vimeelekea chini, naye hawezi kukanyaga kwa kisigino. Watu wa nyumba wasema, "Tunamtunza. Kazi hatumpi hata moja. Chakula twamletea kitandani, maji pia twamletea."

Wasema kweli, nao wanampenda. Lakini ugonjwa ulifunga miguu yake mara ya kwanza, na kitanda kikaifunga mara ya pili. Kifungo hicho cha pili, sisi wenyewe twaweza kukizuia. Basi tujifunze jambo hili.

MIGUU HUPATA WAPI AMRI YA KUTEMBEA?

Hapa Katanga sote twajua waya wa shaba. Umeme hupita katika shaba, na juu yake kuna mpira wa kuulinda. Mwili nao una nyuzi kama hizo. Zatoka katika ubongo, zashuka ndani ya uti wa mgongo, na kupeleka amri miguuni: inuka, kunja goti, kanyaga. Nyuzi zikiharibika, amri hufika vibaya. Mguu wenyewe haukuvunjika, lakini hukakamaa, hutetemeka, au hukosa nguvu.

Yako magonjwa mengi yaharibuyo nyuzi hizo. Leo tutasema juu ya mawili.

KONZO

Ugonjwa huu ni wa kwetu Kongo, hasa katika nchi ya Kwango. Jina lake ni la lugha ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Dokta Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Umeonekana pia katika nchi nyingine: Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 ulipata watu zaidi ya 1,000, na mwaka 1985 ulitokea Tarime, Tanzania.

Konzo huja ghafula. Mtoto au mama aliyekuwa mzima jana, leo anashindwa kusimama. Huwapata zaidi watoto waliopita miaka 3 na wanawake wenye umri wa kuzaa. Miguu yote miwili hukakamaa, magoti husuguana, na mtu hutembea juu ya vidole. Wengi wakiona hivyo husema, "Amelogwa." Sivyo. Chanzo chake chajulikana. Mihogo michungu ina sumu iitwayo sianidi. Wakati wa ukame au njaa, watu hawana subira ya kuiloweka siku za kutosha. Tena hawana samaki, nyama, mayai wala maharagwe, ambavyo huupa mwili nguvu ya kuishinda sumu hiyo. Wakila hivyo majuma mengi, nyuzi za miguu huharibika.

Konzo haiponi kabisa. Lakini likumbuke neno hili: ikiisha kumpiga mtu, haizidi siku kwa siku. Huweza kumpiga mara ya pili akiendelea kula sumu ile ile. Akiiacha, nguvu zilizobaki ni zake, naye aweza kuzizoeza.

SKILEROSI YA MABAKA

Ugonjwa wa pili ni haba kwetu Afrika, lakini upo. Hapa askari wa mwili, walio katika damu kwa kupigana na magonjwa, hukosea adui. Hushambulia ule "mpira" unaofunika nyuzi za ubongo na uti wa mgongo. Palipoumwa hubaki makovu, kama mabaka. Daktari Mfaransa Charcot aliueleza vizuri mwaka 1868. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake hupatwa kuliko wanaume. Mtu huona ukungu katika jicho moja, au ganzi, au miguu mizito, tena huchoka kupita kiasi. Watu wengine hudhani ni mvivu. Si uvivu, ni ugonjwa. Dawa za kuuzuia usiendelee upesi ziko, na mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitia tatu katika orodha yake ya dawa za lazima. Lakini dawa hizo ni ghali, na kuzipata si rahisi.

JE, MGONJWA APUMZIKE TU?

Zamani hata madaktari walisema hivyo. Walimwambia mwenye skilerosi, "Usijichoshe, usije ukauzidisha ugonjwa." Kisha walianza kupima. Mwaka 1996, huko Utah, Marekani, wagonjwa walizoezwa majuma 15, na mwisho wake walikuwa na nguvu kuliko wenzao wasiozoezwa. Uchunguzi mwingine ulifuata. Leo twajua kwamba mazoezi ya kiasi hayauamshi ugonjwa huo. Hayafuti makovu, lakini hutia nguvu katika misuli, husaidia kutembea, hupunguza uchovu, na kuuchangamsha moyo.

Kulala siku zote huleta nini? Misuli hukonda. Mshipa mnene ulio juu ya kisigino hufupika, hata mguu usiweze kukanyaga sawasawa. Vidonda huchimba matakoni na mgongoni. Yule aliyeweza kwenda chooni kwa miguu yake mwaka jana, mwaka huu habebeki ila na watu wawili. Hayo yote si konzo wala skilerosi. Ni kazi ya kitanda.

MAFUNDISHO YA KUFUATA NYUMBANI

1. Nyosha miguu kila asubuhi. Mgonjwa alale chali, goti linyooke. Shika kisigino, sukuma wayo polepole kuelekea kwake, ukauweke hivyo kwa nusu dakika. Usivute kwa nguvu wala kwa kushtua. Fanya mara tano kila mguu.

2. Ainuke kitini. Aketi juu ya kiti imara, ashike meza mbele yake, asimame, aketi tena polepole. Aanze na mara tatu, na majuma yakipita, afikishe kumi.

3. Atembee kidogo, lakini kila siku. Leo kutoka mlangoni mpaka mwembe. Apumzike hapo, arudi. Mara tatu fupi ni bora kuliko mara moja ndefu inayomwangusha. Akiwa bado amechoka sana kesho yake, mmezidisha, punguzeni.

4. Chagueni saa ya baridi. Joto humlegeza mwenye skilerosi, na macho yake huweza kuingia ukungu. Asiogope, kwa maana akipoa hurudi kama alivyokuwa. Katika mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, atembee alfajiri, na kitambaa chenye maji shingoni.

5. Fimbo si haya. Iwe na kimo cha kufika kwenye kifundo cha mkono uliolegezwa chini. Mguu mmoja ukiwa dhaifu kuliko wa pili, ashike fimbo kwa mkono wa upande wenye nguvu.

6. Andikeni. Hesabuni hatua anazotembea kwa dakika 6, mara moja kwa mwezi, mkaziandike karatasini. Macho husahau, karatasi haisahau.

7. Mpeni kazi. Kuchambua sombe akiwa ameketi sawasawa, kukunja nguo, kufagia akishika ukuta. Kazi ndogo ni dawa ya mwili, na heshima kwa mtu.

ANGALIENI SANA

Kabla ya kuanza mazoezi, mgonjwa aonwe na daktari. Msiseme "ni konzo" kwa kukisia. Kifua kikuu huweza kuingia katika mifupa ya mgongo na kuilegeza miguu, nacho kina dawa ya kukiponya. Mkiona maumivu makali ya mgongo au nundu, homa, mkojo uliozuiwa, jicho lililofifia, au miguu iliyolegea kwa siku chache, msingoje. Nendeni hospitali siku ile ile.

NA JIKONI JE?

Mama, mihogo michungu uimenye, uiloweke siku 3, ndipo uianike. Na unga ulio tayari waweza kuusafisha hivi. Utie katika beseni, tia alama ubavuni pale ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze mwembamba juu ya mkeka, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke pamoja na hewa. Kisha upike bukari siku ile ile. Na karibu na bukari usikose maharagwe au samaki, hata wachache.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Marko twasoma juu ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, hata wakafungua paa. Kubeba ni kazi njema. Lakini kumbukeni kwamba yule mtu hakubebwa wakati wa kurudi kwake. Hatuwezi kumwahidi kila mgonjwa kwamba atatembea kama zamani. Wengine watatembea kwa fimbo mbili, wengine hawatatembea kabisa, nao wapate kiti cha magurudumu na nafasi mbele kanisani, si nyuma ya mlango.

Lakini yule awezaye hatua kumi, msimnyang'anye hizo kumi. Ninyi vijana, badala ya kumletea mama maji kitandani, mpeni mkono wenu, mwende naye mpaka mtungini. Nanyi mnaomtembelea, msiketi tu kando ya kitanda na kuhuzunika. Mwulizeni, "Mama, leo tufike mpaka wapi?"